Gari ya Dar sio gari ya Mbeya: namna ya kuchagua gari ya kuagiza ukitaka kuiuza huku nyanda za juu

Mtu akipata mtaji wa gari moja au mbili cha kwanza anachofanya ni kushika simu, anaingia kwenye tovuti za Wajapani, anaanza kupenda. Picha kali, gari inang'aa, bei ya dola inaonekana ndogo, analipia. Gari inafika Mbeya inakaa yadi miezi na miezi, watu wanapita wanaulizia bei, wanakaa mpaka kwenye usukani, halafu wanaenda kununua Toyota IST ya jirani. Mi nasema tovuti iwe kitu cha mwisho kufungua. Anza na nani atainunua, anapita barabara gani, na ikimharibikia ataipeleka kwa fundi gani. Ukishajibu hayo orodha inabaki fupi sana, na hapo ndo unafungua simu sasa.

Tuanze na mteja. Huku mteja mkubwa wa gari ndogo ni mtumishi, yaani mwalimu, nesi, mtu wa halmashauri, na hela yake ni mkopo wa benki au saccos. Huyu anataka gari ya kwenda kazini, kanisani Jumapili na kijijini kwao mara moja moja, na hapo kwenye kijijini ndo pa kukazia macho. Kwao ni wapi? Kama ni Vwawa au Igurusi barabara ni lami, Vitz au Passo itamtosha. Kama ni Umalila ndani, au Rungwe kule juu kwenye migomba, au Ileje, mvua inaanza Novemba inaenda mpaka Mei na Rungwe ndo kabisa mvua haina ratiba, gari ya chini yenye bampa la kurembeshwa itaachwa kwa mtu barabarani mmiliki amalizie kwa bodaboda. Wanaonunua huku wanajua hilo, kwahiyo mtu anainama anaangalia uvungu kabla hajafungua hata mlango.

Ndo maana IST usibishane nayo. Watu wa mjini wanaicheka, lakini imenyanyuka kidogo, spea zake ziko kila duka pale Mwanjelwa, fundi yeyote anaijua, na mtu akichoka nayo anaiuza ndani ya wiki. Ukiweza kupata ya 4WD, ile ambayo namba ya chassis inaanza na NCP65, hiyo huku ina wateja wake wa peke yake. Dar hawaitaki kwasababu inakunywa zaidi kidogo na hawana matope ya kuihitajia, kwahiyo hata ukiagiza usiogope kwamba ni namba isiyozoeleka. Ukiandika tu kwenye tangazo kwamba inavuta tairi zote nne simu zinaanza kuita kutoka Tukuyu na Makete. Probox na Succeed ni hivyohivyo, za NCP55 ndo zinavuta nne. Probox sura haina, ila nyuma ina springi za kubeba mzigo na mtu wa duka la pembejeo anaielewa haraka kuliko unavyoweza kumuelezea.

Mteja wa pili ni mtu wa mazao, na huyu ana hela ya kweli ila ana msimu. Viazi vya Umalila, Njombe na Makete, mchele wa Usangu na Kyela, ndizi na parachichi za Rungwe, nyanya za Ilula, vyote hivi vinatoka shambani kwenye njia mbovu vinafika lami ndo vinapanda gari kubwa. Kile kipande cha shamba mpaka lami ndo soko lako. Hapo ni Kirikuu na Canter.

Kirikuu, Suzuki Carry kwa jina lake la kuzaliwa, ina injini ya cc 660 na Mjapani aliisajili ibebe kilo 350. Unajua na mimi najua itakuja kupakiwa lumbesa za viazi mpaka ipige goti, na mnunuzi ataongeza springi siku ileile aliyonunua. Sasa wewe unayeagiza chagua inayoweza kuvumilia. Chukua manuali, chukua ya 4WD, na kama tangazo linaonyesha ina gia nzito ya ziada ya kupandia milima chukua hiyo hata kama rangi imepauka. Auto ya Kirikuu iache hukohuko. Halafu angalia chesi na sakafu ya bodi, kwasababu hivi vigari kule vinatumiwa na wakulima na mafundi ujenzi, vinakaa nje mvua na theluji, kutu inaanzia kwenye kona za bodi na nyuma ya tairi za mbele.

Canter nayo, watu watakuambia chukua mpya mpya. Mi naona huku bado ile ya injini ya 4D33 inaheshimika kuliko za karibuni, kwasababu ni dizeli ya pampu ya kawaida, fundi wa Uyole anaifungua macho yamefumba. Malori ya Japani ya kuanzia katikati ya miaka ya 2000 mengi yana mfumo wa umeme kwenye dizeli na kichujio cha moshi kwenye ekzosi, wanaita DPF. Kichujio kikiziba gari inakosa nguvu, inawasha taa, na dereva wako wa Mbarali anachojua ni kwamba gari imelala. Sio kwamba ni mbaya, zinatumia mafuta vizuri tu, lakini uza hizo kwa mtu anayekaa mjini na ana fundi mwenye mashine ya kupima. Na uangalie tairi za nyuma kama ni dabo au singo, picha ya ubavuni huwa inaficha, mtu wa mzigo akikuta singo anaondoka hakuagi.

Mteja wa tatu ni wa kubeba abiria, Noah, Hiace, Coaster. Hapa nipite haraka, kabla hujaagiza nenda LATRA, wale wanaosimamia usafiri wa ardhini, ukaulize njia unayoilenga inaruhusu gari ya aina gani na siti ngapi, usije ukaleta kumi na wewe soko lako halipo tena. Wa nne ni mwenye hela zake, wa dhahabu Chunya, wa kahawa Mbozi, wa mbao Mafinga, wa parachichi Njombe. Huyu anataka Prado, Harrier, Hilux, Forester, na mara nyingi anajua anachotaka mpaka rangi, kwahiyo huyo usimwekee gari yadi ukamsubiri, chukua oda, chukua malipo ya awali, agiza kwa jina lake.

Sasa milima. Jiji la Mbeya liko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, Njombe inakaribia 2,000, halafu unateremka Kyela uko kwenye mita 500 na joto lake. Injini isiyo na turbo kila ukipanda mita 1,000 inapoteza kama asilimia 10 ya nguvu, kwasababu hewa ni nyepesi. Kwahiyo ile Passo ya cc 1,000 yenye pistoni tatu ambayo Dar inakimbia vizuri, ukiipakia watu wanne na gunia la mchele kutoka Kyela kwenda Tukuyu inapanda inalia. Inafika, ndiyo, ila mteja aliyeijaribu kwenye mlima hairudii. Kwa huku mi ningeanzia cc 1,300, na 1,500 ndo pazuri zaidi.

Kuna na habari ya giaboksi. Gari ndogo nyingi za kuanzia katikati ya miaka ya 2000 zina CVT, ile auto isiyobadilisha gia, inatumia mkanda wa chuma. Kwa mafuta ni nzuri. Shida yake ni mbili: mlima mrefu na mzigo vinaipasha joto, na inataka oili yake maalum sio oili ya auto ya kawaida, na fundi asiyejua anaweka ile aliyonayo, baada ya muda gari inaanza kuvuma na kutetemeka. IST za mwanzo zile za 2002 mpaka 2007 zina auto ya kawaida ya gia nne, ndo sababu moja mafundi wanazipenda. Ukiagiza ya CVT muambie mnunuzi wazi, na umpe jina la oili kwenye karatasi, akija kuharibu usilaumiwe wewe.

Na kushuka je. Kitonga, ile milima ya njia ya Dar, watu wanaiogopa kupanda, mimi naiogopa kushuka, na huku kwetu Iwambi kuelekea Mbalizi kila mtu anajua palivyo. Gari ya auto ambayo dereva wake haweki gia nzito anashuka na breki tu, anafika chini unasikia harufu ya pedi. Unapochagua angalia kwenye picha ya gia kama kuna L, 2 au S, au za kubadilisha kwa mkono. Ni kitu kidogo lakini kwenye mlima kina maana kuliko redio yenye skrini ya Kijapani ambayo hata lugha huwezi kubadilisha.

Dizeli kwa watu wa Makete na Njombe, Juni na Julai asubuhi kuna baridi mpaka barafu nyembamba kwenye majani, gari ya dizeli ambayo hita zake za kuwashia zimekufa haiwaki mpaka jua lichomoze. Kwenye picha huwezi kuona hilo, kwahiyo ikifika gari zipime kabla hujaiweka sokoni. Na maji ya rejeta yawe kulanti, sio maji ya bomba.

Injini ya kuogopa kwa huku ni hizi za petroli zinazomwaga mafuta moja kwa moja ndani ya silinda, zile zimeandikwa D4. Noah na Rav4 nyingi za mwanzoni mwa miaka ya 2000 zina 1AZ-FSE. Ina pampu ya presha kubwa na haitaki mafuta machafu, sasa huku vijijini petroli inauzwa kwenye madumu na chupa za maji pembeni ya barabara, unategemea nini. Noah ya zamani ya 3S-FE ni kongwe, inakunywa, lakini inakubali maisha hayo. Ukisikia mtu anakuambia "Noah ni Noah" jua hajawahi kulipa pampu.

Na spea kwa ujumla: Toyota unapata hapahapa Mwanjelwa, nyingine nyingi inabidi zitoke Dar, Gerezani, zinapandishwa basi la usiku unazichukua stendi asubuhi. Siku moja ya kusubiri kwa mtumishi sio tatizo, kwa mwenye Canter viazi vinaoza. Ndo kipimo changu kwa gari yoyote isiyo Toyota, je mwenye gari anaweza kukaa siku mbili bila kuitumia? Kama anaweza, Forester au Demio au Note inauzika, na Forester huku inapendwa kweli kwasababu ya matope.

Ushuru ndo unaamua faida, na hapa watu wanakosea hesabu kwasababu wanaangalia bei ya Japani peke yake. TRA wana kikokotoo chao mtandaoni, unaweka aina, mwaka, injini, kinakupa thamani wanayoijua wao na kodi zake. Thamani wanayotumia ni ya kwao, usitegemee risiti yako ya bei chee itakuokoa. Kwa viwango vilivyozoeleka vya gari ya kutembelea, ushuru wa forodha ni asilimia 25, ushuru wa bidhaa kwa injini ya cc 1,001 mpaka 2,000 ni asilimia 5 na ikizidi 2,000 ni 10, VAT asilimia 18, na kuna ule wa uchakavu, gari ya miaka 8 mpaka 10 asilimia 15, ikizidi miaka 10 asilimia 30. Zinapandiana, sio kwamba unajumlisha tu.

Tufanye moja. Gari ya cc 1,500, imezidi miaka 10, imethaminiwa dola 3,000 mpaka bandarini. Forodha 750, inakuwa 3,750. Asilimia 5 ya hiyo ni 187.5, asilimia 30 ni 1,125, jumla imefika 5,062.5. VAT juu yake 911.25. Ukikusanya kodi zote ni kama dola 2,974, yaani umenunua gari mara mbili. Sasa chukua ya chini ya miaka 8 iliyothaminiwa 4,500, haina uchakavu, kodi inakuja kama 2,469. Ya kwanza imekugharimu 5,974, ya pili 6,969. Kule Japani zilipishana 1,500, huku zinapishana kama 1,000, na ya pili ni mpya mno kuliko ya kwanza. Bado kuna tozo ndogondogo, usajili, wakala wa forodha na gharama za bandari, lakini umeona mchezo ulivyo. Sio kila gari kongwe ni rahisi. Malori na pikapu mahesabu yake ni tofauti, yaweke kwenye kikokotoo. Na kumbuka bajeti inasomwa Juni, mabadiliko yanaanza Julai 1, na mwaka ukigeuka Januari gari iliyokuwa kwenye kundi la miaka 10 inaweza kuingia la juu yake ikiwa bado iko melini. Gari za mwaka wa mpakani mi huwa siziagizi baada ya Oktoba.

Angalia pia mwaka wa kutengenezwa na mwaka wa kusajiliwa mara ya kwanza, sio lazima vifanane. Tangazo likiandika mwaka wa usajili peke yake omba uhakika wa mwaka wa kutengenezwa kabla ya kulipa.

Sasa unafungua tovuti. Ukipata gari omba karatasi ya mnada, yaani ile ya ukaguzi gari inapouzwa mnadani Japani, asiyetaka kukupa achana naye. Juu kuna alama ya jumla, 4 na 4.5 ni safi, 3.5 ni ya kawaida na kwa biashara ya huku inatosha, R au RA maana yake iliwahi kugongwa ikatengenezwa. R sio mwisho wa dunia kama ni kitu kidogo, ila kama ni nguzo za bodi acha. Halafu kuna mchoro wa gari umefunguliwa kama karatasi, wameweka herufi: A ni mkwaruzo, U ni kubonyea, W ni pamepigwa rangi au kunyooshwa, S na C ni kutu. Namba mbele yake ndo ukubwa, A1 hata huoni, U3 unaona ukiwa ng'ambo ya barabara. Mi mikwaruzo siiogopi, rangi fundi wa Soweto ya hapa Mbeya anapiga siku mbili. Naogopa S na C kwenye uvungu. Kule Hokkaido na kaskazini wanamwaga chumvi barabarani kuyeyusha barafu, chumvi inakula chuma kimyakimya. Na ubaya ni kwamba hizo 4WD tunazozitaka sisi nyingi zinatoka hukohuko kwenye theluji! Kwahiyo ukiagiza 4WD picha ya uvungu ni lazima, angalia viungio vya shokapu za nyuma, mabomba ya breki, na ekzosi. Kahawia ya juujuu ni kawaida, ila chuma kikiwa kinabanduka magamba hapana.

Kilomita nazo usiamini dashibodi peke yake. Kuza picha ya ndani uangalie raba ya pedali ya breki, kitambaa cha siti ya dereva upande wa mlango, na usukani pale mikono inaposhika. Gari inasema kilomita 60,000 halafu raba ya pedali imelainika mpaka mistari imefutika, hiyo imetembea. Kwenye karatasi ya mnada kuna sehemu ya kilomita, linganisha. Ukaguzi wa TBS, shirika la viwango, nao uulizie mapema kwa wakala wako unafanyikia wapi na nani analipia, usiwe kitu cha kukumbuka gari ikiwa imeshafika.

Msimu. Hela huku inaingia kuanzia Mei mahindi na mpunga vikianza kutoka, inaenda mpaka Septemba Oktoba. Gari inachukua mwezi na zaidi baharini, weka na muda wa kununua na kuitoa bandarini. Ukitaka Kirikuu ziwe yadi mwezi wa sita lipia mwezi wa tatu. Anayelipia Agosti anakuja kupokea gari watu wameshanunua mbolea na wanalipa ada, Januari ndo kabisa usiseme.

Gari za IT, yaani zinazopita tu nchini, nyie mnaokaa njia ya Tunduma mnaziona kila siku, zinaenda Zambia na Kongo. Kuna mtu atakuja kukunong'oneza kwamba kuna moja "inaweza kubaki", bei nusu. Hiyo haijalipiwa kodi hapa, haina kadi, na TRA wakiikamata imeenda na hela yako. Mpe soda aende zake.

Ikishatoka bandarini ikiwa na namba na bima, mtafute dereva anayeijua barabara, mwambie ndani ya mbuga ya Mikumi spidi 50 ni 50, ukigonga mnyama unalipia. Asiikimbize. Apande Kitonga mchana, auto aiweke gia ya chini, na kule juu kabla ya Ilula asimame aangalie geji ya joto na chini ya gari kama kuna kinachodondoka, akupigie simu. Kama kuna rejeta dhaifu au giaboksi inayoteleza itajionyesha hapo. Na ikifika Uyole usiipeleke kuoshwa kwanza, ipeleke kwa fundi ikiwa na vumbi lake, uvujaji wa oili unaonekana vizuri kwenye vumbi, abadilishe oili na filta, apime pedi za breki, ndo ikaoshwe ikapigwe picha.